Maneno ni ya Mama

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, na tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianza na kuacha, kama mgeni asiyejua aingie au arudi kwake. Fundi wa nguo alifungua nusu ya mlango wa chumba cha mbele, akaiona barabara imelowa, akaufunga tena. Leo hashoni. Binti yake wa miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa anakwenda kujaribiwa sauti kwenye kwaya ya watoto ya kanisani.

Chiriku aliitaka kwaya hiyo kwa roho yake yote. Kila sala ya jioni alimkumbusha Mungu, kisha akamuuliza baba yake kama Mungu ni mtu wa kusahau.

"Hasahau," Fundi alijibu.

"Basi mbona wewe unarudia habari ya kodi ya nyumba kila siku?"

Fundi alisema amina haraka.

Katika nyumba ile siku haikuanza bila wimbo. Mama Chiriku ndiye aliyeutunga, wimbo wa kushukuru kwa kuamka salama, na ndiye aliyeuongoza, sauti yake ikifika hadi kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Bibi, mama yake Fundi, aligeuza beseni la kufulia akalipiga kwa viganja. Fundi naye aliimba huku akibana pindo la nguo ya mteja. Ila pini zake alizoea kuziweka midomoni, na mtu mwenye pini midomoni hawezi kutamka neno bila kumeza vifaa vya kazi. Kwa hiyo aliguna tu, mmm, mmm, na kila alipotaka pini alinyamaza, akachomoa moja, akaendelea pale alipoachia.

Lilikuwako jambo ambalo Fundi alimwambia Mungu peke yake. Hata asubuhi zisizo na kazi, alitia pini midomoni. Ujanani alijiunga na kwaya, wakamsikiliza mara moja, wakampa kazi ya kubeba ngoma. Tangu siku hiyo aliona pini ni rafiki wa kweli.

Chiriku alikulia ndani ya kapu la vipande vya vitambaa, kando ya cherehani, miguuni pa baba yake. Kabla hajaota meno alikuwa tayari anaguna. Alipokua kidogo akakatazwa pini, naye akatafuta njia yake: aliweka nyuzi mbili midomoni, akazibana vizuri, ndipo akaimba. Nyumbani walicheka wakaona ni utoto, utaisha.

Sasa walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbi wa kanisa, wote wanne, viatu vina tope. Mwalimu wa kwaya, mama mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikuwa nyuma ya kinanda. Watoto waliokwisha kupita walikaa mbele wakiwapima wenzao kwa macho.

"Haya, mwanangu," Mwalimu alisema. "Tuimbie wimbo mnaouimba nyumbani."

Chiriku alisimama wima. Akatia mkono mfukoni, akatoa nyuzi mbili nyekundu, akazibana midomoni.

"Ee Bwana," Mama Chiriku alinong'ona. "Amekuja nazo."

Mtoto akaanza. Mmm, mmm. Wimbo ulitoka wote, umenyooka, unapanda na kushuka bila kuteleza, na Mwalimu akaacha kugusa kinanda. Katikati ya mstari wa pili Chiriku akanyamaza, akachomoa kitu hewani kwa vidole viwili, akaendelea. Mstari wa tatu, vivyo hivyo.

Alipomaliza, Mwalimu alivaa miwani yake.

"Umeimba vizuri sana. Lakini pale katikati, mbona ulinyamaza?"

"Hapo ndipo pini inatoka."

"Pini gani?"

"Ya pindo." Chiriku alimtazama kama anayejiuliza huyu amesomea wapi. "Ukiwa unashona gauni zinatoka nyingi. Suruali ni chache."

Watoto waliangua kicheko. Bibi alijifunika uso kwa mtandio, lakini mabega yake yalikuwa yanacheza. Fundi alitamani sakafu ifunguke imchukue yeye na cherehani yake.

"Na maneno je?" Mwalimu aliuliza. "Huyajui?"

"Nayajua. Maneno ni ya mama. Mimi na baba tunaimba ule mwingine."

"Kwaya huimba maneno, mwanangu. Sauti yako naitaka, sikufichi. Lakini nikikuchukua uwe unaguna, na wenzako nao watataka kuguna. Jaribu mara moja tu, mdomo wazi."

Chiriku alitoa nyuzi zile, akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamlenga.

"Nikiimba ya mama," alisema polepole, "baba atabaki peke yake."

Mama Chiriku akamgeukia mumewe.

"Baba Chiriku, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi inuka."

"Mama Chiriku, wewe unanijua. Nikifungua mdomo tutafukuzwa wote."

"Mwanangu," Bibi aliingilia, "nilikuzaa unalia vibaya vilevile, na sikukurudisha. Inuka."

Fundi akainuka. Njia kutoka kwenye benchi hadi kwa binti yake ilikuwa fupi, lakini aliomba sala nzima humo: Bwana, sauti uliyonipa sijawahi kuilalamikia, ila leo uwe karibu. Akamshika mtoto mkono. Midomo yake ilikuwa mitupu, na aliiona mitupu kweli.

Akaanza. "Tumeamka..." Sauti ilitoka kama meza nzito inayoburutwa juu ya saruji. Neno la kwanza lilikuwa juu mno, la pili likaanguka chini, la tatu halikujulikana lilikokwenda. Mtoto mmoja wa mbele aliziba masikio. Jasho lilimshuka Fundi hadi kwenye kola aliyoipiga pasi mwenyewe, lakini hakunyamaza.

Ndipo Chiriku akafungua mdomo. "Tumeamka, mwanga umetufikia," aliimba, maneno yote, safi, kana kwamba yalikuwa yamekaa humo miaka yote yakingoja ruhusa. Baba alipopotea, mtoto alimbana kidole, naye akarudi karibu na njia. Karibu tu, si njiani. Walifika mwisho pamoja, mmoja akiimba na mwingine akipambana.

Mwalimu alifuta miwani, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mtoto nimemchukua," alisema. "Baba, samahani, sina nafasi."

"Asante sana," Fundi alijibu, na alimaanisha.

"Lakini nina sharti moja. Anayeimba nyumbani ndiye anayedumu, wengine huchoka wakaacha. Huyu anahitaji mtu wa kuimba naye kila siku, kwa maneno. Nani atakuwa naye?"

Watu wote walimtazama Mama Chiriku, na yeye mwenyewe alishajiweka sawa kujibu. Chiriku hakumtazama mama yake. Alikuwa amemwinulia baba yake macho, kimya, jambo ambalo nyumbani kwao halikuwa la kawaida.

Fundi alimtazama Mwalimu. Akamtazama mkewe na mama yake, akawatazama na wale watoto wa mbele, pamoja na yule aliyekuwa bado ameziba masikio.

"Mimi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote naahidi: kila asubuhi nitaimba na binti yangu, maneno yote, mdomo wazi, mpaka siku atakayoniambia mwenyewe, baba, sasa inatosha, hata kama kinyozi atahamisha duka."