Thamani ya Mkwezi

Kwenye minara ya simu walimwita Mkwezi, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Juu kule upepo ulimpiga makofi naye akapiga mluzi. Lakini Jumapili ile, akiwa kwenye kochi lake mwenyewe, kichwa kilimzunguka. Mbele yake alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, wakala wa bima, kijana mwenye tai ndefu na maneno marefu kuliko tai. Alikuwa anamkadiria kama mbuzi mnadani.

"Tuseme, shemeji, kesho umefariki."

"Kwa nini kesho? Kesho nina kazi."

Mkewe, Mama Pacha, aliyekuwa pembeni anakunja sare za wanawe, hakucheka. "Jibu unachoulizwa, Baba Pacha."

"Umefariki," shemeji aliendelea. "Kodi analipa nani? Chakula, gesi, ada? Cherehani ya dada itabeba wiki ngapi katika mwezi?"

"Moja," alijibu Mama Pacha. "Tena ukiwa mwezi wa harusi."

"Mnanigawana nyama ningali nahema!" alifoka Mkwezi.

Hata hivyo hesabu ilikwenda. Pacha walikuwa ndiyo kwanza wameingia darasa la kwanza. Kinga ya kuwafikisha mwisho wa shule, mpaka wajitegemee, ilitaka mchango wa kila mwezi ambao nyumba ingeubeba kwa kujibana. Mkwezi akaanza kulainika. Alijiona amelala kaburini, mikono kifuani, na bado analisha watu. Wazo hilo lilimpendeza.

"Sasa kazi yako," alisema shemeji, kalamu mkononi. "Tuandike fundi umeme. Nikiandika minara, mchango unaruka maradufu."

"Andika."

Sare ilimponyoka Mama Pacha. "Fundi umeme? Siku ukidondoka kutoka kule juu, watasema ulikuwa unabadilisha balbu? Umemsahau mjane wa Kipara?"

Nani angemsahau? Kipara alipanda na Mkwezi minara mingi, na kwenye bima yake alijiandikisha kuwa mtunza ghala. Alipoanguka, mkewe alizunguka kwenye ofisi za watu mpaka viatu vikamwishia miguuni. Aliambulia pole.

"Yule sikumwandikisha mimi, dada."

"Aliandikishwa na mwenye tai kama yako. Andika kweli."

Ikaandikwa kweli. Kwa mchango uleule, kinga ikakatika katikati: ingewafikisha pacha mwisho wa shule ya msingi, basi. Mkwezi aliona kama amekatwa yeye kiunoni. Kisha shemeji akashusha sauti, kama mtu anayetaka asisikike na huku ni lazima aseme.

"Kuna sharti moja dogo. Aliyeanguka bila kufunga mkanda wa usalama, familia hailipwi."

"Mkanda anao," alisema Mama Pacha. "Nimemshonea mimi sponji ya mabegani usimchubue." Akamgeukia mumewe. "Si unaufunga?"

Mkwezi aliinama kuiokota ile sare iliyoanguka.

Mkandarasi aliwalipa Mkwezi na wenzake kwa mnara, si kwa siku. Ukifunga kulabu za mkanda kwenye chuma, ukafungua, ukapiga hatua, ukafunga tena, mnara wa saa moja unakula asubuhi nzima. Kwa hiyo vijana walivaa mkanda ili msimamizi auone, na kulabu zikaning'inia nyuma kama mikia. Aliyefunga aliitwa mtoto wa mgongoni. Jina hilo Mkwezi ndiye aliyelitunga, na alijisifu kwalo.

"Baba Pacha, nimekuuliza."

"Sijaanguka hata siku moja!"

"Kipara naye alianguka siku moja tu."

Mkwezi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Hata kufa mnanipangia nife kwa utaratibu gani!" Akatia saini kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Jumatatu alifunga kulabu. Klak, hatua, klak. Chini vijana waliona, na chini kule hakuna siri.

"Mkwezi! Mama amekufunga vizuri? Hutateleza?"

"Mwimbieni, atalala!"

Kila klak ilikuwa tusi, na aliligawa kwa haki: moja la shemeji, moja la kampuni, moja la mkewe, moja la Kipara aliyejifia na kumwachia balaa. Wenzake walipokuwa kwenye mnara wa tatu, yeye alikuwa anamalizia wa kwanza. Ikawa hivyo wiki nzima, na wiki ilipofuata ikawa hivyohivyo. Mwisho wa mwezi mkandarasi alimwekea kiganjani bahasha nyembamba kama jani la kitunguu.

Mama Pacha aliipokea, akatoa ya kodi, akatoa ya chakula, akatoa ya ada. Kilichobaki hakikufika nusu ya mchango.

"Haya, umeona?" Mkwezi alipandisha sauti. "Nikifunga mkanda, sina cha kulipia bima. Nikipata cha kulipia bima, sijafunga mkanda, na bima hailipi. Nifanye nini sasa? Nipae?"

Mama Pacha alimtazama mabegani, pale ambapo mikanda ilikuwa imeacha alama nyekundu licha ya sponji. Akazikunja noti zilizobaki. "Mpigie ndugu yangu," alisema. "Mwambie apunguze tena."

Mkwezi aliibonyeza simu kana kwamba anaikaba.

"Shemeji, ipunguze hiyo bima yako. Mpaka ifikie hiki nilichonacho." Akakitaja.

Upande wa pili kikokotoo kilibonyezwa, kikabonyezwa tena. "Lakini shemeji, kwa kiasi hicho itawafikisha watoto darasa la nne tu."

"Andika."

"Na baada ya darasa la nne, watasomeshwa na nani?"

"Baada ya darasa la nne nitakuwa hai, bwege wewe! Andika!"