Wiki ya Mtumba

Florian Pawlicki alikuwa na kasoro moja ambayo mkewe, Lorraine, aliijua tangu uchumba: furaha ikimwingia haikai tumboni, lazima itokee mdomoni. Ndiyo maana jioni ile ile waliyotia saini mkataba, nusu ya parokia yao pale Toledo ilikwisha kujua kwamba Florian ana nyumba ufukweni, Florida.

Tuseme kweli, haikuwa nyumba. Ilikuwa haki ya kukaa wiki moja kila Machi katika fleti ya likizo ambayo wiki nyingine zote zilikuwa za watu wengine. Tena ilikuwa wiki ya mtumba: haikutoka kwa kampuni, iliuzwa na mjane mmoja wa Fort Wayne, Indiana, aitwaye Verna Huffstedler. Lakini Florian alikuwa ametumia ujana wake mbele ya tanuri la kiwanda cha vioo, na baada ya kustaafu akagundua kuwa hawezi tena kuvumilia baridi. Akanunua kaptura yenye picha za kasuku, akawa anaivaa sebuleni huku theluji ikianguka nje.

Kilichobaki kilikuwa kukamilisha uhamisho wa umiliki tu. Krismasi ikapita, Januari ikapita. Kila alipopiga simu kwenye ofisi ya hati, binti mmoja aitwaye Brandi alimjibu, "Tunasubiri karatasi za muuzaji." Mwisho binti akawa anamtambua kwa pumzi. "Habari za asubuhi, bwana Pawlicki," alimwambia kabla hajatamka neno.

Kwaresma ilipoingia, kila Ijumaa walikula samaki wa kukaanga katika ukumbi wa kanisa, na mkaangaji alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, Chester Nadolny.

"Mpisheni mwinyi wa pwani!" Chester alipaza sauti. "Vipi, bado hujahamia?"

"Ofisi ndiyo inachelewesha."

"Ofisi? Au wamekuuzia jua, wanangoja lichomoze?"

Ukumbi mzima ukacheka. Florian naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeumwa na siafu katikati ya misa. Wa kulaumiwa alimjua: ni yeye mwenyewe aliyewapa fimbo ya kumchapia.

Jumatatu Brandi akateleza ulimi. Kila kitu kilikuwa tayari, alisema, ila saini ya yule mama. Walikuwa wamemkumbusha mara kadhaa. Florian akachukua funguo za gari.

"Unakwenda kumfanya nini mama wa watu?" Lorraine aliuliza.

"Kumsalimu tu."

"Na hizo kalamu zote mfukoni?"

Njia nzima hadi Fort Wayne alijizoeza maneno makali. Aliyapanga vizuri, akayapandisha sauti, akaupiga usukani ngumi hadi honi ikalia na dereva wa lori akamtukana. Mlango ulipofunguliwa, akatokea bibi mfupi, mwembamba, aliyemtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Wewe ndiye yule Pawlicki anayeisumbua ofisi kwa simu?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani wewe ni mrefu zaidi. Pita, unaniingizia baridi."

Akamkatia pai ya sukari na maziwa, akammiminia kahawa. Karatasi zilikuwa pale pale mezani. Verna akazisogeza kwa kidole kama kitu kilichochacha.

"Watoto wamesema niuze. Peke yangu nitafanya nini huko? Nikakubali, sikuwa na nguvu ya kukataa. Sasa kila nikishika kalamu namwona mume wangu Dwight kwenye kiti chake barazani, taulo kichwani, anagombana na ndege walioiba mkate wake. Kila mwaka waliuiba, na kila mwaka aliwasamehe." Akakohoa. "Nisamehe, bwana. Nimekuchelewesha. Lete kalamu."

Florian akafumbua kinywa atoe yale maneno makali. Badala yake akasikia mtu anasema, "Basi usiuze, mama." Nusura ageuke amtazame aliyesema.

Alipofika nyumbani Lorraine alikuwa mlangoni. "Amesaini?"

"Hapana."

"Atasaini lini?"

"Nimemwambia asisaini."

Lorraine alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka machozi. "Mume wangu! Umekwenda mpaka Indiana kuvunja mauziano yako mwenyewe?"

"Alinipa pai," Florian alisema, na hata masikioni mwake utetezi huo ulisikika mwembamba.

Florian akampigia Brandi simu kumweleza. "Wauzaji kujitoa nimeona," binti alisema. "Mnunuzi kumshawishi muuzaji ajitoe, hilo bado. Naomba urudie, wenzangu wasikie."

Ijumaa Florian alimweleza Chester yote, bila kupamba. Chester akamtazama, akamwekea kipande cha pili cha samaki, halafu akatangaza kwa ukumbi kwamba mwinyi amepinduliwa.

Kabla wiki haijaisha Verna akapiga simu. "Fleti ina vyumba viwili, na mimi nalala kimoja. Njoo na mkeo. Ila tuelewane mapema: mwenye nyumba ni mimi."

Wakaenda. Verna aliwaibia waziwazi kwenye karata, akamwamrisha Florian atoe takataka, akamkataza kugusa kiti cha Dwight barazani. Asubuhi ya tatu Lorraine alimkuta Verna amekaa kwenye kiti hicho analia kimya kimya, akavuta kingine akakaa naye. Florian aliingia jikoni kuwakaangia mayai. Yaliungua. Wanawake wale wawili wakayala hata hivyo, na Verna akasema Dwight naye hakujua kupika.