Mti Ulioamkiwa Shikamoo

Maduhu hakupanda mti wowote bila kuusalimia. Mparachichi wa nyumbani kwetu, uliopandwa na bibi yangu, aliupiga kiganja mara mbili na kusema, "Shikamoo bibi." Mimi nikiwa chini na gunia langu nilimwitikia kwa niaba ya mti: "Marahaba mjukuu. Usinivunje mikono." Ndipo alipovua ndala zake na kupanda.

Naandika haya kwa sababu mwaka wa pili unapita, na nimeanza kuisahau sauti ya mume wangu. Maneno yake ninayo. Sauti ndiyo inayokimbia.

Alitoka Bariadi akaja hapa Nyangoto kuchimba dhahabu, kama vijana wengi. Tulipooana aliacha mashimo, akawa anawachumia watu maparachichi. Alisema afadhali kwenda juu kuliko kwenda chini. Miaka sita tulifanya kazi hiyo pamoja. Aliye juu ya mti haoni vizuri, majani yanamziba, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. "Kushoto kwako, juu ya goti, matatu." Akikata alisema, "Shika," nami nilitandaza gunia kwa mikono miwili na kudaka. Parachichi likigonga ardhi linaharibika ndani kwa ndani, na mnunuzi halitaki.

Siku aliyoanguka kutoka kwenye mparachichi wetu nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Tawi lilimkatikia. Juu ya hilo sitaandika zaidi.

Tulimpeleka Bariadi, akazikwa kwao. Hapa sina kaburi la kupalilia. Nina ule mti tu.

Baba yangu, mzee Erasto, ambaye sisi tunamwita Tata, hakupita tena chini yake. Misimu miwili matunda yalianguka, yakaoza, nzi wakajaa uani. Mwaka huu yalipokomaa tena, Tata aliniita.

"Jumamosi anakuja mtu na msumeno wa mashine," alisema. "Mti usiopandika una kazi gani?"

"Tata, usiukate."

"Umemmaliza mkwe wangu, na wewe unakumaliza. Kila asubuhi nakuona umesimama pale. Nani ataupanda? Wewe?"

"Hakuna atakayeupanda. Nipe mpaka Ijumaa. Matunda ya juu yakishuka bila mtu kupanda, utauacha?"

Alinitazama sana. "Yakishuka," alisema.

Nilikuwa nimesikia kwamba kikundi kimoja cha wakulima mjini Tarime kina fimbo mpya ya kuchumia. Nilimpigia simu katibu wao, Gloria, akakubali kuja nayo. Ijumaa asubuhi alifika na bodaboda ya Steven, fimbo imefungwa pembeni ya pikipiki kwa mipira.

"Dada Christina," Steven aliniuliza akiifungua, "hii ni ya kuchumia au ya kutafutia stesheni ya redio?"

"Shika vizuri na ufunge mdomo," Gloria alimjibu. "Ukiivunja, utapanda wewe mwenyewe."

Fimbo ilikuwa nyepesi, ya alumini, inarefuka kipande kwa kipande kama antena kweli. Kichwani ilikuwa na kisu kidogo cha betri, na chini ya kisu mfuko wa kitambaa. Mtu anasimama ardhini, anabonyeza kitufe kwenye mpini, kisu kinakata kikonyo na tunda linadondoka mfukoni.

Matawi ya chini Gloria aliyamaliza mapema. Ya juu yakamshinda. Fimbo ilipita kwenye majani, ikakwama, akaivuta, akajaribu upande mwingine. Tata alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ametupa mgongo nusu.

"Imefika mwisho?" aliuliza.

"Imefika mwisho, mzee. Mti umeizidi."

"Haya. Basi kesho."

Wakati huo wote nilikuwa nimesimama chini ya mti na gunia nimelitandaza. Steven ndiye aliyeniona.

"Dada, sasa unadaka nini? Si yanaingia mfukoni!"

Niliona aibu. Mikono ilikuwa imefanya yenyewe. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimesimama vile, shingo nyuma, niliutazama mti kama nilivyoutazama miaka sita, na nikaliona dirisha. Upande wa kichuguu kilicho karibu na shina pana uwazi kati ya matawi. Hapo ndipo Maduhu alipokuwa akitoa kichwa na kuuliza, "Mama, ugali haujaiva tu?" Kutoka pale mpaka kileleni hakuna tawi la kuzuia kitu. Gloria alikuwa akiyafuata matunda. Mimi nilijua njia. Na kichuguu chenyewe kimenizidi urefu.

"Nipe mimi," nilisema.

Kabla ya kupanda kichuguu nilikwenda kwenye shina, nikalipiga kiganja mara mbili.

"Shikamoo bibi."

Gloria na Steven walitazamana. Hakuna aliyeitikia. Nikapanda kichuguu, Steven akanipa fimbo, nikaipitisha dirishani polepole. Ilipita bila kugusa jani. Nikabonyeza. Nilihisi uzito kidogo kwenye mpini, kama mtu amenishika mkono. Nikakata la pili, la tatu, nikaendelea. Nilipoushusha, mfuko ulikuwa na maparachichi saba ya kileleni, vikonyo vyote vipo.

"Aisee!" Steven alisema, na safari hii hakutania.

Tata aliinuka kwenye kigoda. Alitoa simu, nikamsikia akimwambia mtu kwamba kesho asije, kazi haipo tena. Kisha akaja taratibu mpaka chini ya mti, mahali ambapo hakukanyaga kwa miaka miwili. Akaokota gunia langu, akalitandaza kwa mikono miwili.

"Tata, yanaingia mfukoni."

"Najua," alisema. Alikuwa anatazama juu, macho yamelowa. "Umeamkia na hujaitikiwa. Marahaba, mjukuu. Usinivunje mikono."

Niliipitisha fimbo tena dirishani.

"Shika, Tata," nilisema.