Spika ya Mlango wa Dereva

Mafundi wa injini mtaani kwetu Buyenzi wamejaa kila kona, lakini redio za magari, zile zinazotoka nazo kiwandani, wote wananiletea mimi, Thabit. Redio hizo zina kiburi: betri ikizima tu zinafunga mdomo mpaka uzipe namba ya siri, na wenye magari karatasi ya namba hawajui walikoitupa. Ndiyo maana kila redio niliyoifungua nimeandika kwa penseli, ndani ya kifuniko, jina la mwenyewe na namba yake.

Mwaka ule wa tisini na saba, vita vikiendelea, Dévote wa Nyakabiga, mama Laure, alikuwa amenipa kazi ya macho. Mumewe Népomuscène, mteja wangu, alitoka mwezi wa pili na gari lake jeupe kwenda Gasenyi, mpakani. Hakurudi yeye wala gari. "Gari zote zinapitaka Buyenzi, baba Hiba," aliniambia. "Ukiona yake, uniambie." Sasa mtu alikuwa amempa habari kwamba mumewe ameonekana kwenye kambi moja ng'ambo ya mpaka, na Jumatatu alikuwa anakwenda kumtafuta pamoja na watoto, kwa njia ambayo hata madereva wa malori walikuwa wameikataa.

Jumamosi asubuhi likaja gari la kijani, rangi bado inanuka. Aliyelileta hakutaja jina, nami sikuuliza. Shati lake lilikuwa limetuna kiunoni.

"Redio inaomba namba," alisema. "Na mulango ya dereva iko kimya. Fanya mbio."

Nikaichomoa redio, nikafungua kifuniko. Nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: Népomuscène, na tarakimu nne.

Hapo nikafanya ujinga. Mwenye akili angesema imeshindikana, aende zake. Mimi, ambaye sijawahi kumrudishia mtu redio bubu, niliunga waya na vidole vikabonyeza namba ile kabla moyo haujavizuia. Redio ikaanza kusoma habari kwa Kirundi. Majuto ni mjukuu.

"We umejuaka namba namna gani?"

"Hizi redio za zamani ziko na namba moja, shefu."

Uongo huo hata mtoto angeucheka. Alinitazama sana, kisha akasema, "Haya, mulango."

Nikabandua ubao wa ndani wa mlango wa dereva. Kwa nje bati lilikuwa laini kabisa. Kwa ndani kulikuwa na matundu matatu, mastiki, ule udongo wa kuzibia bati kabla ya rangi, imejitokeza katika kila moja. Tundu la katikati lilikuwa usawa wa mbavu za mtu aliyekaa, na palepale ndipo waya wa spika ulipokatika. Niliogopa kufa, sifichi.

"Unaona nini, fundi?"

"Waya imekatika, shefu."

"Basi ni waya tu. Unga."

Nikaunga. Spika ikatoa sauti safi, na Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilifurahi. Yule mtu akaondoka. Mpaka leo sijui kama gari lile alilinunua tu, au vipi.

Jumapili nilivaa kanzu nikatembea hadi Nyakabiga. Njia nzima nilikuwa natunga uongo wa kumzuia mama Laure: mpaka umefungwa, daraja limekatika. Nilipowakuta watoto wamekaa juu ya vifurushi, wamevaa viatu vya safari siku moja kabla, uongo ukanishinda.

"Mama Laure, usiende," nikasema. "Gari nimeiona."

Nikamwambia yote: rangi, matundu, waya. Aliwatoa watoto nje, akasikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alipiga magoti, akafungua kifurushi kimoja, akaanza kutoa nguo moja moja.

"Iyo waya," akasema bila kuniangalia, "we uliifanya nini?"

"Niliiunga."

"Spika ikasema?"

"Ikasema."

"Muzuri?"

Nilitamani kusema apana. "Muzuri, mama Laure."

Chini ya nguo za watoto akatoa shati la kiume lililopigwa pasi, alilokuwa amelibeba ili akimkuta mumewe abadilishe. Akalishika muda mrefu, kisha akaniambia niende nyumbani.