Ajali Haijamalizana na Mugure

Kufikia saa tatu asubuhi ya Jumanne, Mugure alikuwa amekirudisha kigoda chake mara nne. Alikuwa akimenya waru, viazi vya huko kwao, jikoni kwake, Dundori, na kila akimenya waru tano hivi alijikuta mlangoni, yeye na kigoda na sufuria, uso umeelekea Lanet, kule chini ya mteremko. Mara ya tano aliacha kubishana nacho. Akamenyea mlangoni, akafika uani, akamalizia karibu na banda la kuku.

Ilikuwa siku ya tatu tangu ajali. Jumamosi alikuwa kwenye pikapu ya ndugu yake, Kamande, wakiteremsha magunia ya waru kwenda Lanet, na kwenye mteremko wa shule lori la mawe likawagonga kwa nyuma. Dereva wa lori alisema breki zilikataa. Kamande hakupata hata mkwaruzo. Pikapu ilisukumwa mtaroni, ikasimama. Mugure hakusimama. Kwa macho ya watu alikuwa ameketi kitini, mkanda kifuani, lakini mwili wake ulikuwa bado unakwenda Lanet, na tangu hapo ulikuwa ukienda tu, hatua moja kila dakika mbili tatu, mchana na usiku. Kitanda chake Kamande alikifunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye mparachichi ulio nje ya dirisha.

Afisa wa trafiki, Kipchirchir, alikuwa amefika pale mtaroni na kumchungulia. "Mathe, uko sawa?"

Haya, niambie, mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa hivyo hujibu nini? Hata nyumba ikiungua, kwanza yuko sawa, ndipo aombe maji. "Niko sawa," Mugure akasema, damu ya ulimi aliojing'ata imejaa mdomoni. Alikuwa anavuta pumzi aeleze mengine, lakini Kipchirchir alikuwa ameshaandika na kuondoka.

Jumatano akapanda boda hadi zahanati. Daktari Makhanu alimbonyeza shingo, akaona alama nyeusi ya mkanda kutoka begani hadi kiunoni, akagusa goti lililogonga dashibodi. Alifanya haya yote akirudi nyuma kidogo kidogo, maana mgonjwa alikuwa anamjia.

"Gari linasimama, mwili unaendelea," akasema. "Mkanda unashika mwili, kichwa kinaendelea. Shingo inashika kichwa, ubongo unaendelea. Nusu ya watu wa ajali ninaowaona wana hizi hizi: shingo, kifua, magoti. Eksirei haioni kitu."

"Na mimi?"

"Wewe ni kama wao, ila bado hujafika." Akampa dawa za maumivu na kola ya kuvaa shingoni. "Niletee P3 kutoka kwa polisi, nitajaza kila kitu."

P3 ni ile fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, na Mugure aliihitaji kabla ya Ijumaa. Lori lilikuwa limezuiliwa kituoni hadi siku hiyo. Faili ikiwa na mtu aliyeumia, lingekaa mpaka breki zikaguliwe. Faili ikiwa tupu, lingeachiliwa lirudi kubeba mawe kwenye mteremko ule ule ambao binti yake, Natalie, hutembea kila asubuhi kwenda shule. Lori lizuiwe, hilo tu ndilo alilolitaka. Shingo ikipona au isipone, hayo yalikuwa mambo yake na Mungu.

Alhamisi alisimama mbele ya kaunta ya kituo, tumbo limegandamana na mbao. Kipchirchir akasogeza kikombe chake cha chai kisije kikamwagika.

"Hapa imeandikwa abiria yuko sawa," akasoma. "Na hii kesi iliisha, mathe. Ndugu yako na mwenye lori walimalizana jana."

Kumalizana ni neno la heshima huku kwetu. Watu wawili huketi hotelini, wakanywa chai, wakashikana mikono, na jambo likawa halikutokea.

"Mimi sijamalizana na mtu, afisa. Ajali yenyewe bado inaendelea. Angalia." Akaachilia mikono. Kaunta ikasogea inchi mbili.

Kipchirchir akaangalia. Hakuwa mtu mkaidi. "Ni kweli, inaendelea. Sasa hapo ndipo shida iko. Fomu inataka tarehe ya ajali, na mimi siwezi kuandika ajali ambayo haijaisha. Ikiisha, kuja tu, nitakuandikia."

"Na ya lori?"

"Ya lori iliisha."

Aliporudi, Kamande alikuwa ameketi kizingitini. Pikapu ilikuwa uani, mgongo wake umenyooshwa na kupakwa rangi mpya.

"Walinitengenezea," Kamande akasema bila kumtazama. "Mwenye lori aliniambia ajali haina kinga."

"Ajali haina kinga, lakini gari lina breki! Na ulimalizana kwa shingo ya nani, Kamande? Yako?" Mugure alikasirika hadi akalia, na machozi yakaangukia mbali, upande wa lango. Kamande aliinuka akaenda kukaza fundo kwenye mparachichi, na Mugure, pamoja na uchungu wote, akamwacha akaze.

Ijumaa saa kumi lori lilipanda Dundori likiwa tupu. Lilinguruma mpaka waliokuwa shambani wakanyoosha migongo kulitazama.

Jumatatu Mugure akafungua kamba. Kama mwili lazima uteremke, na uteremke na kazi. Alimshika Natalie mkono wakatoka, na majirani walipoona wakamletea na wa kwao, hadi wakawa watoto kumi na wanne. Mugure aliwapanga kwenye nyasi, yeye upande wa lami. Mteremkoni mwili ulishika kasi, hakuhitaji hata kuinua miguu. Ndara zake ziliteleza zenyewe, na Natalie alimvuta leso kwa nyuma asiwaache.

Katikati ya mteremko walisikia mngurumo nyuma yao. Shingo ya Mugure ilikataa kugeuka, kwa hiyo Natalie akamtazamia.

"Ni lile, mami."

Mugure akatanua mikono, akawasukuma wote mtaroni. Lori likapiga honi. Dereva akatoa kichwa dirishani, akamtambua kwa kola. "Pole, mathe!" akapaza sauti, na kupita kwa kasi ile ile, breki zikilia.

Vumbi lilipotua Mugure akawahesabu. Kumi na wanne. Akawahesabu tena, safari hii akimgusa kila mmoja kichwani, kisha akawatoa mtaroni wakaendelea kuteremka. Lori lilikuwa na safari nyingine tano siku hiyo.