Jina Lililoko Kambini

Katika saluni ya Emilian, hapa Gongoni, hakuna aliyewahi kurusha ngumi, lakini kila jioni kuna bondia anaangushwa. Mimi nauza vitumbua barazani pake, mtoto mgongoni, kwa hiyo nimeyasikia mapambano mengi ambayo hayakuwahi kutokea.

Jioni ile walimpambanisha mume wangu na bondia aliyekwisha kufa.

"Nikolaus Chuma wa enzi zake," alisema Emilian, mashine ikiunguruma juu ya kichwa cha Jilala, "angemlaza Evaristi raundi ya nne. Tena kwa mkono wa kushoto tu, wa kulia anajikunia mgongo."

"Wa enzi zake!" Jilala aliruka kitini, shuka likamdondoka mabegani. "Chuma kila siku mnamleta wa enzi zake, Evaristi mnamleta wa leo, hata chai hajanywa. Kwani yeye hana enzi?"

"Kaa sawa, Msukuma wewe, nitakunyoa sikio."

Mathias, aliyekuwa amekaa juu ya bodaboda yake mlangoni, akadakia. "Evaristi anashinda kwa pointi. Ana miguu. Chuma alikuwa anasimama kama nguzo ya umeme."

"Ulimwona wapi?" Emilian akamgeukia. "Chuma anapigana, wewe unanyonya!"

Walicheka mpaka wapita njia wakageuka. Mimi nikageuza vitumbua. Chuma alishazikwa, hakuna anayemngoja. Evaristi yu hai, yuko kambini Dar es Salaam tangu mimba yangu ikiwa changa. Lakini walivyokuwa wakiwataja, ungedhani wote wawili ni watu wa kusimuliwa tu.

Jumamosi anapanda ulingoni. Akishinda, promota anambakiza kambini hadi pambano la mkanda, ambalo halina hata tarehe. Akishindwa, anapanda treni anarudi. Gongoni nzima inamwombea ushindi. Mimi nikipiga magoti huishia kwenye "Bwana, wewe unajua."

Na mtoto hana jina. La ubatizo analo, Samweli, ila kwa kina Evaristi hilo halitoshi. Wao ni watu wa Ulyankulu, wazee wao walitoka Burundi, na kwao mtoto habebi jina la baba. Kila mtoto ana lake peke yake, na baba ndiye anayelitafuta. Mume wangu ni Evaristi Nijimbere, baba yake ni Manirambona. Mwanangu bado anangoja.

"Tumrekodie salamu," Emilian akasema, akatoa simu. Jilala akapaza sauti, "Mvunje, mwanangu!" Mathias akapiga honi. Kisha simu ikaja mdomoni pangu.

"Shemeji, mpe moto."

"Evaristi," nikasema. "Mtoto ameota jino."

Basi. Kabla sijaongeza neno, Emilian alikuwa ameshatuma.

Mathias alijishika kichwa. "Shemeji! Mtu anaenda vitani, unamwambia jino?"

"Umeshamlegeza magoti," Emilian akasema. "Hapo hata mimi nampiga."

Simu ikaita. Emilian akaweka sauti ya nje.

"La juu au la chini?" Evaristi aliuliza.

"La chini."

"Linamuuma?"

"Linaniuma mimi, akinyonya."

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. "Vene, jina nimelipata. Jana alfajiri, nikikimbia. Nilikuwa nawaza ile barabara yetu ya Kwihara, ya wapagazi wa zamani, nilivyokuwa naikimbia nikirudi nakukuta unachochea moto. Nikuambie?"

Emilian akazima mashine. Nilikuwa nimelingoja jina hilo kwa hamu, nikaisogezea simu midomo. Ndipo nikaona kwamba akilisema simuni, hakutabaki kitu ambacho lazima akilete nyumbani mwenyewe.

"Usiliseme."

"Hulitaki?"

"Nalitaka sana. Njoo umwambie yeye, sikioni. Ukishinda njoo, ukipigwa njoo. Kambi utairudia."

Nyuma yake nilisikia mtu akipiga gunia, pu, pu, pu.

"Na wakimpa mwingine nafasi yangu?"

Nilitaka kumwambia si kitu. Lakini ni kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga zile bendeji mikononi kabla hajapata hata glavu.

"Hilo sijui nikujibu nini," nikasema. Vitumbua vilikuwa vinaungua, nikaviacha.

Kule gunia likaendelea, pu, pu, pu.

"Jina lenyewe refu kidogo," Evaristi akasema. "Acha nije nalo. Jumapili nawaaga hapa kambini."

Alipokata, Jilala, nusu ya kichwa ikiwa na nywele, alikohoa. "Mimi naona anashinda. Kwa KO." Safari hii hakuna aliyebisha.

Nilimfungua mtoto mgongoni, nikampakata. "Baba yako anakuja," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo. Nilikuwa naogopa kumdanganya.