Bado Baridi, Ongeza

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ndio ulioanza. Ulitokwa na doa la manjano pembeni, dogo kama punje ya mtama, kisha ukanenepa na kuanza kumong'onyoka. Mtu mwingine angevaa kiatu akausahau. Lakini mwenye ukucha, mama mkwe wa nyumba ile, alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ya kukanyaga hakuiweza akiwa na kiatu. Alivua kandambili, akaweka wayo mtupu juu ya pedali, na mteja aliyekaa kusubiri macho yake yakatua hapo hapo.

"Fundi, hicho kidole kinatutazama," mteja mmoja alisema, gauni lake likiwa bado chini ya sindano. "Kisije kikaning'atia kitambaa."

Fundi alicheka. Mteja alipotoka, akaokota kipande cha kitambaa akakifunika kidole. Mkamwana wake, aliyekuwa pembeni akishona vifungo, aliona na moyo ukamuuma. Mguu ule ndio uliomlea mumewe. Hata sasa, mume akiwa dereva wa lori asiyerudi mpaka nyumba imemsahau, ni mguu ule uliotia kitu chunguni.

"Mama, niachie mimi huo ukucha," alisema. "Nitautibu hapa hapa nyumbani."

"Utibu, mwanangu. Ila usiukaange."

Akautibu bila papara. Kila jioni alichanganya siki kidogo na maji mengi ya vuguvugu kwenye beseni, akiyapima kwa kiwiko kama anayeogesha mtoto mchanga. Mguu ukitoka, aliukausha hadi katikati ya vidole, maana fangasi hupenda unyevu. Ukucha uliolainika aliupunguza kwa tupa ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Kandambili alizisugua kwa sabuni, akazianika juani. Miezi ikapita, na shinani ukachomoza ukucha mpya, msafi.

"Nimeoza mwana, nimepata daktari!" Fundi akawaambia wateja.

Yalikuwapo mengine waliyoyaona wakayacheka tu. Kiu ya Fundi haikukatika. Jagi la maji lilikaa karibu naye kuliko mkasi. Na siku moja aliingia kutoka uani na kandambili moja.

"Mama, mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake nani?" Akatazama chini. "Aa! Kumbe nimeachwa bila talaka!"

Walicheka mpaka machozi. Hakuna aliyejiuliza mtu anavuliwaje kandambili mguuni asijue.

Ikaja jioni moja ya mvua. Fundi alitumbukiza mguu akakunja uso.

"Mbona maji baridi hivi?"

"Nimeyapima, mama. Yako sawa."

"Mguu ulio humo ni wako au wangu? Ongeza."

Akaongeza kidogo.

"Bado baridi, ongeza. Umeyachota mtoni?"

Mvuke ulikuwa ukipanda. Kiwiko kilishasema, lakini mkubwa naye kasema, na mkamwana gani atabishana na mama mkwe juu ya mguu wa mama mkwe mwenyewe? Akainamisha birika. Fundi akashusha pumzi, akaendelea kupiga pindo la sketi mkononi.

Mguu ulipotoka ulikuwa mwekundu kama nyama ya buchani. Mkamwana akayagusa yale maji, akaurudisha mkono upesi.

"Mama! Hujaungua?"

"Nimeungua wapi? Mbona sisikii kitu?"

Asubuhi malengelenge yalikuwa yametanda mguu mzima. Mkamwana akasema twende zahanati. Fundi akasema sare za wanafunzi zinasubiriwa, na maji yaliyoleta malengelenge yatayaondoa yenyewe. Akaufunga kitambaa, akakanyaga. Mkamwana akanyamaza kwa mara ya pili. Kimya hicho kilimkaa rohoni zaidi ya kile cha birika, kwa sababu siku ile ya mvua hakujua, na sasa alikuwa ameshaanza kujua. Akaendelea kunyamaza mpaka chumba cha kushonea kikaanza kunuka na wateja wakawa wanasubiri nje.

Zahanati, nesi alimlaza Fundi, akamwambia afumbe macho.

"Nitakugusa wayo kwa ncha ya kalamu, mama. Ukisikia, sema."

Mkamwana alisimama upande wa miguu. Aliiona kalamu ikibonyeza kisiginoni, kwenye unyayo, chini ya kila kidole. Kisha ikahamia mguu wa kushoto, ule mzima, ikapita vile vile. Fundi alikuwa amefumba macho kwa bidii kama mtoto anayecheza kujificha.

"Huanzi tu, mwanangu?" akauliza.

"Nimemaliza, mama," nesi akasema.

Ilikuwa sukari. Ilikuwa imeanza siku nyingi, ikila fahamu za miguu kimya kimya. Hospitali kubwa waliukata mguu wa kulia chini ya goti, na ukucha wake mpya.

Fundi hakumlaumu mkamwana hata kwa neno. Aliporudi nyumbani, kidonda kilipofunga, aliomba asogezewe kiti kwenye cherehani. Akatunga uzi, akalaza kitambaa, akaushusha mguu wa kushoto. Akazungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka kidogo likasimama. Akazungusha tena.

"Nitazamie, mwanangu," alisema taratibu, macho kwenye sindano. "Mguu uko juu ya pedali?"

Mkamwana akainama. Mguu ulikuwa sakafuni, kando ya pedali, ukikanyaga saruji.

"Hauko, mama. Uko chini."

Fundi akachomoa kitambaa chini ya sindano, akakikunja vizuri, pindo kwa pindo.

"Haya," alisema. "Mrudishie mwenyewe. Mwambie atafute fundi mwingine."